Mshale wa Mchawi Kiunoni mwa Mfini

Mfini, yaani mtu wa Finland, akiinama kufunga kamba za viatu, kiuno kikamkamata ghafla asiweze kunyanyuka, atakwambia amepigwa na noidannuoli. Ni maneno mawili yaliyoshikana: noita, mchawi, na nuoli, mshale. Mshale wa mchawi. Atampigia simu mkuu wake wa kazi kumwarifu kwamba leo hafiki, na sababu ni hiyo hiyo. Mkuu wa kazi atampa pole na kupanga mtu mwingine wa zamu. Hakuna atakayeguna wala kuulizia mchawi ni nani.

Neno hili si la mzaha wala si la vijijini tu. Limo kwenye magazeti, limo kwenye maelezo ya afya yanayoandikiwa umma, na daktari hulitamka mbele ya mgonjwa bila kutabasamu. Kwenye rekodi ataandika M54.5, namba ya kimataifa ya maumivu ya kiuno, lakini mdomoni mchawi yumo. Wengi wanaokutana na neno hili kwa mara ya kwanza hucheka, husema "kumbe Wazungu nao", halafu huishia hapo. Mimi linanivutia kwa sababu nyingine. Wafini ni watu waliokaa chini, wakaijenga upya istilahi yao yote ya tiba kwa makusudi, neno kwa neno, ndani ya karne moja. Walikuwa na kila nafasi ya kumtimua mchawi. Hawakumtimua.

Tuanze na umbo lake. Noita likiingia kwenye umilikishi hugeuka noidan: t inalainika kuwa d, na ile n ya mwisho inafanya kazi ya kiunganishi chetu cha "wa" na "ya". Ukiandika noidan nuoli kwa kuacha nafasi katikati, unazungumzia mshale wenyewe, wa mti na manyoya, ambao mchawi fulani anaumiliki. Ukiyabananisha, mshale haupo na mchawi hayupo, kilichobaki ni kiuno kinachouma. Maana yote imekaa kwenye nafasi moja ya karatasi, ndiyo maana suala la neno gani liunganishwe na lipi liachanishwe ni tatizo la kudumu kwa wanafunzi wa Kifini na kwa Wafini wenyewe.

Jambo la pili la umbo ni mpangilio. Sisi kitu chenyewe hutangulia, sifa zake zikafuata: homa ya mapafu. Mfini huanza na sifa, kitu kikaja mwisho: keuhkokuume, mapafu-homa. Neno likiwa fupi hakuna shida. Likirefuka unalazimika kungoja. Chukua aivokalvontulehdus. Aivo ni ubongo, kalvo ni utando, n ni ya umilikishi, na tulehdus ndiyo habari yenyewe, kwamba kuna mahali pamewaka. Umetaja ubongo na utando wake kabla hujajua mgonjwa ana nini. Ugonjwa huo sisi tunauita homa ya uti wa mgongo. Mfini ametaja mahali na kinachotokea pale, sisi tumetaja homa na mgongo, na ubongo hatukuugusa.

Sasa mizizi. Nuoli ni neno kongwe mno. Kihangari, ambacho kilitengana na Kifini maelfu ya miaka iliyopita, mshale kinauita nyíl, na ni neno hilo hilo. Maneno ya mwili yako kwenye tabaka hilo hilo la kale: damu ni veri kwa Mfini na vér kwa Mhangari, jicho ni silmä na szem, mkono ni käsi na kéz. Kwa hiyo Mfini akitaja maradhi, mara nyingi sehemu ya mwili anaitaja kwa neno la mababu wa mababu, na ugonjwa anautaja kwa neno la juzi. Hata tauti, neno la jumla la maradhi, ni la kukopa, lilitoka zamani sana kwenye lugha za Kijerumani za kale, kwenye neno lililomaanisha kifo. Mwenye kisukari anaambiwa ana sokeritauti, na hajui kwamba nusu ya pili ya jina lake la ugonjwa iliwahi kuwa mauti.

Noita ndilo lenye hadithi. Waestonia husema nõid. Wasami, wenyeji wa kaskazini kabisa mwa nchi hizo, husema noaidi, na kwao noaidi hakuwa mchawi kwa maana tunayoijua sisi. Alikuwa mganga na mwaguzi, mtu wa ngoma ya ngozi, anayetumwa na watu wake kwenda kwenye ulimwengu wa mizimu kuulizia mgonjwa anasumbuliwa na nini. Katika karne ya 17 na 18 wamisionari walizinyang'anya ngoma hizo, nyingi zikachomwa. Kadiri kanisa lilivyopanua mamlaka yake ndivyo noita wa Kifini alivyosukumwa upande mmoja, ule wa madhara. Kiswahili kina bahati ya kuwatenganisha mganga na mchawi kwa maneno mawili yenye mizizi tofauti. Kifini kilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo akabadilishiwa mashtaka. Kwa hiyo hata tafsiri yangu ya "mshale wa mchawi" imeshachukua upande wa padri.

Mshale wenyewe haukuwa wa Wafini peke yao. Wajerumani hadi leo huita maumivu haya Hexenschuss, risasi ya mchawi. Wadenmark nao wana hekseskud. Wasweden walimtoa mchawi wakabakiza mlio: ryggskott, risasi ya mgongo. Huko Uingereza kuna zinguo la Kiingereza cha kale, lililoandikwa yapata miaka elfu moja iliyopita, la kutibu mchomo wa ghafla, na humo mganga anaiambia silaha iliyomwingia mgonjwa itoke, iwe imerushwa na miungu, na majini ya porini au na wachawi. Fikra ni moja katika pembe yote ile ya kaskazini. Maumivu yaliyokuja ghafla, pasipo jeraha, pasipo mtu kuanguka, lazima kuna aliyeyarusha. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua mtu "aliyetupiwa" maana yake nini.

Hapa inabidi nimtaje Elias Lönnrot, kwa sababu bila yeye hadithi hii inakuwa ya kamusi tu. Alizaliwa mwaka 1802, mtoto wa fundi cherehani. Dunia inamjua kama mtu aliyekusanya nyimbo za kale za Wafini vijijini na kuzipanga kuwa utenzi wa Kalevala, toleo la kwanza mwaka 1835 na la pili, refu zaidi, mwaka 1849. Kinachosahaulika ni kwamba kazi iliyomlisha ilikuwa udaktari. Tangu 1833 alikuwa daktari wa wilaya huko Kajaani, mashariki, eneo kubwa, lenye njaa na homa za kuambukiza, na daktari ni yeye. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1832 ilihusu tiba za kichawi za Wafini. Aliiandika kwa Kisweden. Wakati huo Finland ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Sweden na kuingia chini ya mfalme wa Urusi tangu 1809, lakini Kisweden ndicho kilichobaki kuwa lugha ya ofisi na ya wasomi, na Kilatini kikiwa cha chuo. Kifini kilikuwa cha wakulima. Msomi aliyetaka kuandika juu ya mazinguo ya wakulima hao ilimbidi ayatolee maelezo kwa lugha ambayo wao hawaisomi.

Katika Kalevala, wimbo wa 45, kuna habari ambayo kila mwanafunzi wa tiba angepaswa kuisoma. Loviatar, binti kipofu wa mwenye ufalme wa wafu, anazaa watoto tisa wa kiume kwa uzazi mmoja, na anawapa majina: Pistos, Ähky, Luuvalo, Riisi, Paise, Rupi, Syöjä, Rutto. Pistos ni mchomo, kutoka kwenye kitenzi cha kuchoma kwa kitu chenye ncha. Ähky ni msokoto wa tumbo, Luuvalo ni maumivu ya mifupa, Riisi ni matege, Paise ni jipu, Rupi ni kidonda chenye gaga, Syöjä ni mlaji, na Rutto ni tauni. Wa tisa hakupewa jina. Huyo alipelekwa kwenye maji na mabondeni awe wachawi, na awe husuda kila mahali. Yaani mchawi wa noidannuoli, kwa mujibu wa wimbo huu, ni ndugu wa tumbo moja na maradhi mengine, yule mdogo asiye na jina.

Yule Syöjä hakufa. Saratani kwa Kifini cha leo ni syöpä, umbo la zamani la kitenzi syödä, kula: kinachokula. Saratani ya matiti ni rintasyöpä, kile kilacho ziwa. Ulaya karibu yote imeshika picha nyingine, ya kaa, ambayo Wayunani waliitoa kwenye uvimbe wenye mishipa iliyotanda kama miguu. Kilatini cancer ni kaa. Kiarabu saratani ni kaa. Sisi tuliipokea kwa Waarabu, halafu kwa mlango wa Kiingereza tukapokea na kansa, kwa hiyo Kiswahili kina kaa wawili ndani ya ugonjwa mmoja, na sidhani kama kuna mgonjwa hata mmoja wa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, aliyewahi kumfikiria mnyama huyo wa mikokoni.

Nirudi kwa Lönnrot. Mwaka 1839 alitoa kitabu cha tiba za nyumbani kwa ajili ya mkulima wa Kifini, kwa Kifini. Ndipo tatizo la maneno lilipomkaba koo. Utamwelezaje mkulima mshipa unaopeleka damu na mshipa unaoirudisha, kama lugha yake inaita yote miwili mshipa? Yeye ndiye anayetajwa kuwa alileta valtimo kwa ule wa kwanza na laskimo kwa ule wa pili, maneno yaliyochongwa kwa mti wa nyumbani na yanayotumika hadi leo katika vyumba vya upasuaji vya Helsinki. Kuume, homa, nalo huhesabiwa kuwa lake, kutoka kuuma, lenye joto kali. (Homa yetu ilitoka Kiarabu, kwenye mzizi wa joto vilevile. Lugha mbili zisizojuana zilishika paji la uso moja.) Huyu huyu mchongaji ndiye aliyekusanya mazinguo, na mwaka 1880, akiwa mzee, akayachapa kwa wingi. Angeweza kuona aibu. Daktari aliyesoma, anayepambana na kipindupindu na kuhara damu, ana haki ya kuwachukia wanaosema ugonjwa umerushwa kwa upinde. Lakini alikaa nao, akaandika walichosema.

Nadhani kuna sababu ndani ya mazinguo yenyewe. Katika uganga wa Kifini, ili uponye lazima ujue asili ya kilichodhuru. Wanaiita synty, kuzaliwa kwake. Shujaa Väinämöinen anapojikata goti kwa shoka, mzee anayetaka kuizuia damu anakwama mpaka apate habari ya chuma kilizaliwaje. Chuma kikishasimuliwa nasaba yake, kinanyenyekea. Mganga huyo huitwa tietäjä, mjuzi, kutoka tietää, kujua. Na neno la sayansi la Kifini, tiede, lilichongwa kutoka kitenzi hicho hicho. Elimu ya tiba ni lääketiede, ujuzi wa dawa. Kwa hiyo mganga wa mazinguo na profesa wa tiba wanakula kwenye sahani moja ya kitenzi, na hakuna profesa aliyedai sahani yake ioshwe.

Mwaka 1863 Kaisari Aleksanda wa Pili alitoa amri ya kukiinua Kifini kifikie hadhi ya Kisweden ofisini. Mwaka 1881 watu kumi na wawili wa fani ya tiba walianzisha chama cha madaktari wanaotumia Kifini. Walikiita Duodecim, yaani kumi na wawili, kwa Kilatini! Chama cha kutetea Kifini kikajipa jina la Kilatini. Mtu angetaka kuwacheka ana ruhusa. Tangu 1885 kina jarida lake, na jarida hilo lipo mpaka sasa. Kazi kubwa iliyofanyika humo ilikuwa ya maneno, kuyapima, kuyakataa, kuyaunganisha. Ndipo mkondo wa maneno ambatani ukafunguka: verenpaine, shinikizo la damu, keuhkosyöpä, saratani ya mapafu, aivohalvaus, kupooza kwa ubongo, yaani kiharusi, lumelääke, dawa-kiinimacho, ambayo ni ile dawa ya bandia inayopewa kundi la kulinganishia katika utafiti. Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote. Tulehdus nayo inastahili sekunde moja: imetoka tuli, moto. Mahali palipowaka. Sisi mara nyingi tunasema uvimbe, na uvimbe huo huo ndio tunaoutumia kwa donge la saratani, kwa hiyo mama anaambiwa kizazi chake kina uvimbe na anatoka chumbani akilia kwa jambo ambalo lingeisha kwa vidonge vya wiki moja.

Wanaolisifu neno la Kifini kwa uwazi wake, kwamba mgonjwa akilisikia tu amejua kila kitu, wanazidisha. Uwazi nao hudanganya. Umpisuoli ni utumbo uliozibwa, kwa mfano wa Kijerumani Blinddarm na Kisweden blindtarm, na nyuma yao Kilatini. Ni ile sehemu ya mwanzo ya utumbo mpana. Kinachovimba na kukatwa hospitali ni kijinyongeza chake, kinachoitwa umpilisäke, lakini Wafini walio wengi watakwambia wamekatwa umpisuoli, na ugonjwa wanauita kwa jina la utumbo ambao hauna kosa. Kidole tumbo chetu kimekaa vizuri zaidi: kinataja umbo, na umbo ni hilo. Hapa tumewashinda, tukubali tu.

Kwa hiyo kuna majina yenye kosa la mahali, kama umpisuoli, na majina yenye kosa la chanzo, kama noidannuoli. Hakuna kati ya haya linalomdhuru mtu Finland. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walichapisha jaribio lililofanywa kwa wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki waliokamatwa na maumivu ya kiuno ya ghafla. Wengine walilazwa kitandani siku mbili, wengine walipewa mazoezi ya mgongo, wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi ni hao wa mwisho. Jaribio hilo lilisaidia kuuzika ule ushauri wa kulala chali uliokuwa umetawala kote duniani. Ulikuwa ushauri wa madaktari, wenye jina safi la Kilatini la lumbago, na ulikuwa na makosa. Jina lenye mchawi halikuwazuia kupima. Jina safi halikuwasaidia waliotangulia kukosea.

Nimelichukua neno hili kwa sababu ya mjadala wa kwetu. Kila baada ya muda hutokea mtu, aghalabu msomi, akataka Kiswahili cha tiba kisafishwe. Pepopunda ni ushirikina, tuseme tetenasi. Kichomi ni cha mitaani, tuseme nimonia. Wengine wamekereka hata na cheo cha mganga. Ningemwomba mtu huyo atazame mabango ya serikali yake. Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, kila mkoa una Mganga Mkuu wake, na zahanati ina Mganga Mfawidhi. Mchambuzi wa lugha akisema neno hilo linamchanganya mwananchi kati ya hospitali na kilinge, namwambia mwananchi hajawahi kuchanganyikiwa. Anajua aende wapi na kuku na aende wapi na kadi ya bima.

Pepopunda vilevile. Pepo na punda, maneno mawili yamebananishwa kwa namna ya Wafini kabisa, bila kiunganishi. Mama mjamzito kliniki huambiwa achome sindano ya pepopunda, na anachoma. Muuguzi anapotaja dondakoo, kifaduro na pepopunda kwa pumzi moja, kama zinavyotajwa siku zote, pepo ameshakuwa herufi tu. Dondakoo, kwa njia, ni pacha wa Kifini kurkkumätä, koo-uozo. Kichomi ni pacha wa Pistos, mzaliwa wa kwanza wa Loviatar. Na chanjo yetu imetoka kwenye kuchanja, kutia chale, kazi iliyokuwa ya mganga kabla ya kuwa ya muuguzi, wakati Mfini chanjo anaiita rokote, kutoka rokko, lile kundi la magonjwa ya vipele likiwemo ndui. Mwaka 2021 alipochanjwa korona alisema koronarokote, na ndui wa mababu yake akasafiri ndani ya sindano ya kisasa. Hata mambo yasiyo ya tiba yamejaa vifaa vya waganga. Anayetia chumvi kwenye habari tunasema anapiga chuku, na chuku ni pembe ya kuumikia.

Mpaka hapa ningekuwa nimemaliza: yaacheni majina. Lakini lipo neno moja linalonizuia, nalo ni degedege.

Degedege ni mtukutiko wa mtoto mwenye homa kali, na kwenye nchi ya malaria mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani. Jina limefungamana na dege, ndege mkubwa wa shari ambaye wazee waliamini hupita juu ya mtoto, au ni shetani katika umbo lake. Tofauti na mchawi wa Finland, dege huyu hakuwa amekufa. Kwa miaka mingi wazazi walimpeleka mtoto kwa fundi wa uganga kwanza, akafukizwa, akaogeshwa, na waliambiwa sindano inaweza kumuua. Hospitali ilikuwa ya pili, na kwa malaria kali saa hizo chache ndizo uhai. Hapa jina na imani vilishikana, na mtu anayesema jina liliua ana hoja.

Ila tuangalie kilichotokea. Hakuna aliyelifuta neno degedege. Vyandarua vyenye dawa viligawiwa, dawa mseto ikaanza kutumika mwaka 2006, kipimo cha haraka kikafika zahanati, na kiwango cha maambukizi ya malaria kwa watoto wadogo Tanzania Bara kikashuka kutoka takriban asilimia 18 katika utafiti wa 2007–08 hadi kama asilimia 7 mwaka 2017. Mama aliyewahi kuona mtoto wa jirani ametukutika usiku na kurudi na uhai kutoka kituo cha afya hana haja ya kuhubiriwa. Dege anapoteza wateja kwa njia hiyo. Anayebakia kumwamini ni yule ambaye kituo kiko mbali, barabara imekatika na dawa zimeisha, na huyo ukimbadilishia jina la ugonjwa hujambadilishia barabara.

Finland ilikwenda njia hiyo hiyo, kwa utaratibu zaidi. Kliniki ya kwanza ya ushauri kwa watoto wachanga ilifunguliwa Helsinki mwaka 1922 chini ya daktari Arvo Ylppö. Sheria ya mwaka 1944 ikailazimu kila serikali ya mtaa kuwa na kliniki za namna hiyo, na ya mwaka 1972 ikajenga vituo vya afya nchi nzima. Kliniki inaitwa neuvola: neuvo ni ushauri, -la ni kiambishi cha mahali. Hapo ndipo mchawi alipopoteza kazi. Alibaki na mshale mmoja wa kiunoni, na noidankehä, duara la mchawi, ambalo wachumi wa huko hulitumia kwa hali ya madeni kuzaa madeni.

Basi kasoro ya Kiswahili cha tiba sioni kwenye pepo wala punda. Naiona kwenye karatasi. Madaktari wetu husoma kwa Kiingereza, huandika faili kwa Kiingereza, halafu hutafsiri kwa haraka mbele ya mgonjwa, kila mmoja na tafsiri yake ya siku hiyo. Mgonjwa anatoka na cheti asichoweza kukisoma na neno la mdomoni asiloweza kulikuta popote pameandikwa. Wale kumi na wawili wa 1881 walikataa hali hii hasa. Walitaka daktari afikiri, aandike na abishane na mwenzake kwa lugha anayoumwa nayo mgonjwa. Sisi tumefanya kinyume: tumetunga istilahi mezani na kuzitangaza. Baadhi zimeshika, UKIMWI ikiwa ndiyo mfano bora, kifupisho kilichogeuka neno kamili. Nyingine zimebaki kwenye taarifa za wizara. UVIKO-19 lilitangazwa kwa heshima zote, na kwenye daladala watu wakaendelea na korona. Presha haijawahi kushindwa na shinikizo la damu hata siku moja.

Kwa hiyo degedege nalo libaki, na litumike. Liandikwe kwenye ukuta wa zahanati kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani, na chini yake saa za kufungua na namba ya simu ya muuguzi wa zamu ya usiku.